Cherehani ya Chumba cha Mbele

Kabla wakili hajamaliza kusema karibu, Mzee Posta alikwisha kuuweka mkataba mezani, kurasa zote kumi na moja, kila ukurasa una alama ya penseli pembeni.

"Nimeusoma mara tatu," alisema. "Usijisumbue kunieleza, binti yangu. Lete kalamu, nyumba iuzwe."

Jina hilo alipewa na mtaa. Kwa miaka thelathini alikaa nyuma ya dirisha la posta, akiwaandikia watu barua na kuwasomea majibu. Kusoma kwenyewe alijifunza ukubwani, katika masomo ya jioni, mabega yakimuuma kwa kubeba vifurushi mchana kutwa. Mtu wa namna hiyo aje kuelezwa mkataba na wakili aliye na umri wa mjukuu wake?

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, aliyekuja kuwa shahidi, alicheka. "Mwache, wakili. Huyu hata kitambulisho chake hukisoma kila asubuhi, ahakikishe hakijabadilika."

"Shemeji, umekuja kutia saini, hukuja kutia maneno."

Mnunuzi, mwanamke mwuguzi aliyetoka kazini na viatu vyake vyeupe, aliinamisha uso kuficha tabasamu.

Wakili hakuudhika. Alikuwa na desturi yake: kabla kalamu haijagusa karatasi, humtaka muuzaji afumbe macho, aingie nyumbani kwake kwa mlango wa mbele na kutaja kila anachokiona. "Nami nitakwambia kipi unaondoka nacho na kipi kinabaki."

"Michezo ya watoto hii," Mzee Posta alinung'unika, lakini akafumba macho.

Akaingia. Viti vinne vya sebuleni: unaondoka navyo. Redio: unaondoka nayo. Kabati la jikoni lililojengewa ukutani: linabaki. Alipofika chumba cha mbele, sauti ikamlainika. Aliiona cherehani ya miguu. Mkewe alikuwa akiikanyaga kwa kasi hata ikawa inatembea, asubuhi iko dirishani, jioni iko mlangoni. Jumapili moja Mzee Posta mwenyewe akachimba sakafu, akaizamisha miguu ile ya chuma kwenye sementi. Mama wa watu hakungoja ikauke, maana sare za shule za mtaa mzima zilikuwa zinamsubiri. Ndiyo sababu cherehani imeinama upande hadi leo, kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani.

"Hiyo inabaki," wakili alisema.

Macho yakafumbuka. "Nini?"

"Kifungu cha sita, mzee. Kilichojengewa kwenye nyumba ni cha nyumba. Ukishatia saini, ni mali ya mama huyu."

Mzee Posta alikifunua kifungu cha sita. Alama yake ya penseli ilikuwepo, imenyooka vizuri. Mara zote tatu alikuwa amefikiria milango na mabomba.

"Samahani, mzee," mwuguzi alisema taratibu. "Mimi nilijua inabaki. Niliipenda siku ile ile nilipokuja kuiona nyumba. Hata vitambaa nimeshanunua."

"Tunaweza kubadilisha," wakili akasema, "ila mpaka nyote wawili mkubali."

Mzee Posta alikuwa na njia rahisi ya kutokea. Angeweza kusema, aa, mimi mwenyewe nilitaka ibaki, akatia saini na kutoka nje na heshima yake. Maneno hayo yalimfika mdomoni kabisa. Akayameza.

"Kifungu hiki sikukielewa," alisema. "Cherehani siwezi kuiacha."

Shemeji alisahau kucheka.

"Utaishonea nini, mzee?" mwuguzi aliuliza, bila ubaya wowote.

"Mimi? Hata kutia uzi sijui."

"Sasa?"

Mzee alivua miwani, akaanza kuifuta, akaifuta tena. "Jioni huwa naikalia, nakanyaga. Hakuna uzi, hakuna kitambaa. Miaka thelathini na minane nilisoma gazeti huku mlio wa marehemu akishona ukitoka chumba cha mbele. Siku hizi nakanyaga kidogo, kisha naenda kusoma haraka haraka kabla sijausahau."

"Miaka mitatu hii yote tangu dada afariki unafanya hivyo," shemeji akasema, "na mimi hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekaa nikukanyagie, wewe usome."

Mwuguzi aliusukuma mkataba kwa wakili, akamgeukia mzee. "Shimo la sakafu utaliziba?"

"Kwa mkono wangu mwenyewe. Na safari hii nitatumia pimamaji."

Wakili akaandika pembeni mwa kifungu: isipokuwa cherehani ya miguu iliyo chumba cha mbele, ambayo muuzaji ataiondoa.

"Ongeza, ya marehemu mke wake."

"Kisheria si lazima, mzee. Cherehani ni moja tu humo ndani."

"Najua ni moja."

Wakili akamtazama, kisha akaongeza. Muuzaji na mnunuzi wakaweka herufi za majina yao hapo pembeni, na shemeji akaweka zake, polepole.

Wakili akasogeza mbele ukurasa wa saini. Mzee Posta akaurudisha chini ya zile nyingine, akaufungua mkataba mwanzo.

"Sasa, mwalimu wangu, tuanze kifungu cha kwanza. Nieleze vyote, hata kile utakachoniona natikisa kichwa kama nakijua."

Shemeji akavua viatu, akakunja miguu kitini.

"Wakili," akasema, "hapa kwenu chai ipo?"