Meza Isiyo na Kasoro

Supu ilifika bila kosa. Juu yake palikuwa na jibini iliyobabuka rangi ya dhahabu, bakuli lilikuwa la moto, kisahani cha chini hakikuwa na hata tone, na mhudumu aliiweka mbele ya rafiki yangu kwa upole wa mtu anayelaza mtoto. Rafiki yangu alivunja gamba la jibini kwa kijiko, akaonja. Nilimtazama nyusi, kwa kuwa kwa miaka mingi ndizo zilizoniambia mambo kabla ya kinywa chake. Hazikutikisika.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Tulikuwa wakaguzi wa shule, mimi na yeye, mpaka umri ulipotupumzisha. Walimu walimwita Rula, kwa urefu wake na kwa unyoofu wake. Mimi sijui waliniitaje. Sikuuliza, maana jibu la swali kama hilo halijapata kumfaa muulizaji. Tulikuwa na mwiko mmoja: tukiwa ndani ya shule hatukutamka neno juu ya tuliyoyaona. Tuliketi nyuma ya darasa, kila mmoja na kona yake, tukanywa chai ya mwalimu mkuu, tukaaga. Tukishavuka geti, Rula alisimama, akavuta pumzi, akasema, "Haya. Tema." Nami nikatema, naye akakanusha, tukabishana njia nzima: juu ya ubao uliofutwa nusu, juu ya mwalimu wa hesabu aliyewaogopa wanafunzi kuliko wao walivyoiogopa hesabu. Watu wengine huita urafiki jambo jingine. Sisi tulikuwa na ubishi huo, nami sikuona umepungukiwa na nini.

Chai za walimu wakuu zilikuwa adhabu. Siku moja, baada ya kikombe kilichokuwa na ladha ya sufuria, Rula aliapa kwamba akitimiza miaka sabini atakwenda kula kwa Wafaransa, "tuwaone hao wanaojisifia mapishi." Yalikuwa maneno ya mzaha. Lakini miaka ilipita, sabini ikafika kweli, na pamoja nayo akafika mwanawe, aliyekuwa amemwandalia baba yake chumba katika mji wa mbali, ili mzee asije akafa peke yake kama paka. Hivyo ndivyo Rula alivyonieleza. Bila shaka mwana mwenyewe alikuwa amechagua maneno mengine. Wangeondoka siku hiyo hiyo ya kuzaliwa, baada ya chakula cha mchana nilichokwisha kumwahidi.

Mimi pia nilikuwa na chumba. Tangu mke wangu afariki kilikuwa cha vitabu. Niliviondoa vyote, nikavirundika ukumbini hata ikabidi kupita ubavu ubavu, nikapaka kuta rangi, nikanunua kitanda kinachotosha miguu ya Rula. Sikumwambia. Nilikusudia kumwambia mezani: baki, bwana, tuishi pamoja. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Nilichotafuta ni mahali panapoistahili.

Basi nikakagua, kwa namna pekee niliyoijua. Niliingia kwenye migahawa ya Kifaransa ya mjini bila taarifa, peke yangu, nikaketi nyuma. Mmoja Ufaransa wake uliishia kwenye bendera ya mlangoni. Katika mwingine meza iliyumba, na mhudumu, mtu mnene mwenye taulo begani, akanisimamia kama jamaa.

"Unamsubiri mtu, mzee?"

"Hapana."

"Basi nikupe konokono. Wa leo ni wazuri."

"Walifika lini?"

"Mzee wangu, konokono haulizwi alifika lini. Ukimwona mezani, mshukuru."

Sikucheka. Mkate ulikuwa mkavu, bata alibisha kila kisu, na huko jikoni watu wawili walishutumiana juu ya siagi. Mgahawa huo niliufuta.

Hatimaye nikaupata huu, katika mtaa wa kimya, nyuma ya ukuta mweupe wenye geti dogo la chuma. Glasi zao hazikuwa na alama ya kidole. Nilirudi mara kadhaa nikitafuta kosa, nikalikosa, nikaridhika kama mjinga anavyoridhika.

Na sasa, baada ya supu, akaja bata, na bata naye hakuwa na ila.

"Mkate ni mzuri," alisema Rula.

"Ni mzuri," nikasema.

Hayo ndiyo tuliyozungumza mpaka sahani zikaondolewa. Nilikuwa nimemtoa samaki majini, nikamketisha juu ya mchanga, nikamsifia ulivyo mweupe. Kule kwa mhudumu wa konokono, nyusi za Rula zingekwisha kupanda kabla ya supu, naye angekuwa anajiwekea akiba ya maneno huku akinitazama. Hapa hata kimya kilikuwa kimepigwa pasi pamoja na kitambaa cha meza. Sentensi yangu ilipanda kooni, ikauona usafi ule, ikashuka.

Tulitoka. Gari la mwanawe lilikuwa limekwisha kuegeshwa barabarani, na injini inanguruma. Rula alivuka geti, akasimama, akavuta pumzi.

"Haya. Tema."

"Anza wewe. Siku ni yako."

"Mimi sina." Aliutazama ule ukuta mweupe. "Sina la kusema, bwana. Kila kitu kilikuwa mahali pake."

Katika maisha yangu yote ya kazi sikupata kuandika kasoro nisiyoiona.

"Mchuzi wa bata," nikasema. "Chumvi ilizidi."

Nyusi zikapanda.

"Chumvi gani?"

"Ya mchuzi. Ilizidi."

"Haikuzidi hata chembe. Ulimi wako umezeeka."

"Ni mdogo kwa wako."

"Basi umezeeka kabla ya zamu yake. Mchuzi ule ulikuwa kwenye mizani."

"Mizani ya nani?"

Tuliendelea hivyo mpaka garini, tukitembea polepole kuliko umri wetu ulivyotulazimisha. Mwanawe alifungua mlango. "Baba, njia ni ndefu. Shikamoo, mzee." Nikaitikia.

Rula aliweka mkono juu ya mlango. "Hilo ndilo ulilotaka kuniambia leo?"

"Hilo tu."

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi anayejua jibu na hanyooshi mkono. Kisha akaikunja miguu yake mirefu, akaingia. Gari likasogea kidogo, likasimama, kioo kikateremka.

"Chumvi ilikuwa sawa," alisema.

"Ilizidi."

Likaondoka akiwa bado anatikisa kichwa, nami nikakitazama kichwa hicho kwenye kioo cha nyuma mpaka kona ikakichukua.