Msasa wa Ermes

"Nives, hivi hilo gari lenu limepigwa kijicho?"

Tosca, jirani wa ghorofa ya pili, aliuliza hivyo asubuhi moja ya mwezi wa Juni, akianika mashuka kwenye roshani yake, vibanio viwili mdomoni. Hakuuliza kwa ubaya. Mji mzima wa Fossarella ulikuwa ukiuliza. Timu ya Malvardi, ile ya magari ya mbio, ikishinda, Padre Agide hupiga kengele za kanisa, hata kama mbio zimekimbiwa ng'ambo ya bahari na huku watu wako mezani. Mwaka uliopita zililia mara tisa. Mwaka huu njiwa walikuwa wametaga mnarani, wakaangua, makinda yakaota manyoya na kuruka, yasishtushwe hata siku moja.

"Mungu anajua," Nives akajibu, akaingia ndani.

Kweli Mungu alijua. Ila na Nives naye alijua, tangu Februari, ndiyo maana aliufunga mlango wa roshani haraka kuliko adabu inavyotaka.

Alikuwa amefanya kazi kiwandani kwa Malvardi miaka kumi na tisa, tangu alipofiwa na mumewe Learco. Kazi yake ilikuwa kulaza vitambaa vyeusi vya kaboni ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, kwa vidole, kama apangaye lasanya ya Pasaka. Kisha kalibu huingia kwenye tanuri na kutoka kipande cha gari. Mwaka huu meza yake ilipewa sakafu, yaani lile bapa la chini ya gari. Sheria za mbio zilikuwa zimebadilika, na sasa hewa inayopita chini ndiyo inayolishika gari barabarani. Sakafu ikikosewa, hata ukimkalisha malaika kwenye usukani atamaliza nyuma.

Kabla ya gari lenyewe hutengenezwa gari dogo la mfano, kubwa kidogo kuliko nusu yake. Hilo huwekwa kwenye handaki la upepo, likapulizwa, na wahandisi wakasoma namba. Magari madogo yalikuwa kazi ya Ermes Bonacini. Fundi mwenye mikono kama ile hapakuwa na wa pili bondeni, na alikuwa rafiki wa Learco tangu utotoni. Majira ya baridi ya kwanza ya ujane wa Nives, Ermes alimletea kuni kila Jumamosi, akazipanga mwenyewe, akakataa hata kahawa. Ni yeye aliyemwombea kazi.

Siku moja ya Februari, theluji ikianguka, Nives alipeleka kitambaa kwenye chumba cha Ermes. Akamkuta ameinama juu ya sakafu ya gari dogo, msasa laini mkononi, bakuli la maji pembeni, akiusugua ukingo.

"Ermes, si hiyo imeshapimwa dhidi ya mchoro, tayari kwa handaki?"

"Imepimwa jana. Namuosha uso tu, shemeji. Hata bibi harusi haendi kanisani na tongotongo."

"Wahandisi wamesema?"

"Wahandisi!" Ermes akacheka. "Mimi nilikuwa nasugua kingo wakati wao wanasuguliwa meno na mama zao."

Nives alikuwa na macho. Meza yake ilikuwa inatoa sakafu ya gari kubwa yenye ukingo mkali, sawasawa na mchoro, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Wa Ermes ulikuwa umelainika, umeviringika kidogo, kiasi cha unene wa kucha. Kitu kikaudonoa moyo wake. Lakini alikuwa amesoma darasa tano tu kwa masista, na kiwanda kilijaa watu wenye shahada. Akajiambia, watakuwa wanajua. Akaweka kitambaa mezani, akaenda zake.

Handaki lilipoupuliza ukingo ule laini, namba zilikuja nzuri hata watu wakakumbatiana. Gari kubwa lilipoingia barabarani likawa linarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nafasi ya kumi na moja. Ya kumi na tatu. Ya kumi na nne. Walibadilisha bawa, wakabadilisha springi, wakambadilisha hata mpishi wa timu. Kila wakirudi kwenye handaki, gari dogo jipya lilikuwa limeshapita kwa Ermes kuoshwa uso.

Aliyeichora sakafu alikuwa kijana wa Taranto, mji wa bandari huko kusini, Mhandisi Silvano Prandi, mtu mpole, mkewe mjamzito. Jumapili za mbio watu walikusanyika kwenye ukumbi wa parokia, mbele ya televisheni, na Prandi, kama hakusafiri na timu, alikuja. Wengine wangejificha.

"Mhandisi!" Ermes alimwita Jumapili moja, glasi ya divai mkononi. "Kwenu Taranto si mmezoea kuchora mitumbwi? Hili lina magurudumu, bwana!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mitumbwi yetu walau haizami, mzee," Prandi akasema, akicheka pamoja nao. Nives, aliyekaa nyuma yake, aliona masikio yake yamekuwa mekundu.

"Basi kaa nayo! Gari tuachie sisi tuliozaliwa na harufu ya mafuta."

Nives alimtazama Ermes, akaitazama ile mikono iliyompangia kuni. Akatoa rozari mfukoni, asiende mbali zaidi ya punje ya tatu.

Agosti kiwanda kilifungwa kwa likizo. Mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Nives alikwenda kuungama. Alilieleza jambo lote, na Padre Agide akasikiliza mpaka mwisho.

"Hapa umeungama dhambi ya nani, Nives? Ya Ermes au yako?"

"Ermes hajui, Padre. Anadhani anatengeneza vizuri. Ni yangu."

"Basi malipizi yako hayamo kanisani humu. Kiwanda kikifunguliwa, nenda ukaseme."

Kiwanda kikafunguliwa. Nives akaona bora kwanza afanye novena, siku tisa za kumwomba Mama wa Shauri Jema ampe maneno. Nani amlaumu mtu kwa kusali? Hapo ndipo alipojificha.

Jumapili, siku ya tano ya novena, zilikuwa mbio za nyumbani. Gari la kwanza lilimaliza la kumi na nne, la pili lilifuka moshi mbele ya jukwaa lililojaa bendera za Malvardi, na watu wakazikunja bendera zao kimyakimya wakaondoka kabla ya mwisho. Wakubwa wakataka jina la mtu wa kubebeshwa lawama. Siku ya saba ya novena Prandi alipita kati ya meza, sanduku la karatasi kifuani, ndani yake kikombe na picha ya mkewe. Akasimama mbele ya Nives.

"Bi Nives, namba zilikuwa nzuri. Nakuapia, namba zilikuwa nzuri."

"Najua, mwanangu."

Akatabasamu, akidhani ameambiwa neno la huruma. Akaenda. Novena Nives hakuimaliza.

Kesho yake saa sita, wenzake walipokwenda kula, Nives alichukua kipande cha ukingo wa sakafu ya gari kubwa kutoka kwenye mabaki, akakifunga kwa taulo, akakipeleka kwa Ermes. Alimkuta yuko kazini, bakuli la maji pembeni.

"Acha hiyo kidogo. Fumba macho."

"Uchawi umekuanza uzeeni, shemeji?"

"Fumba tu."

Ermes akafumba, akitabasamu. Nives akakishika kidole gumba chake, kigumu kama kwato, akakipitisha juu ya kile kipande. Kilikuwa kikali kama rula mpya. Kisha akakipitisha juu ya ukingo wa gari dogo, na huo ulikuwa kama punje ya rozari iliyosaliwa miaka arobaini. Akarudia mara ya pili, maana ile ya kwanza Ermes alikuwa bado anatabasamu.

Mara ya tatu Ermes alirudia mwenyewe. Akafumbua macho.

"Huu mkali ndio mchoro?"

"Ndio mchoro. Prandi alichora huu. Handaki likapuliza wa kwako."

Ermes akavuta kigoda akakaa. 

"Umeona lini?"

"Februari. Ile siku ya theluji."

"Februari." Alikuwa anaitazama mikono yake, moja juu ya goti hili, moja juu ya lile. "Mimi nikasimama pale parokiani nikamcheka yule kijana, na wewe umekaa nyuma yake."

"Nilikuwa nakuonea huruma, Ermes. Nilikumbuka zile kuni."

"Ungenipigia kelele! Ungeninyang'anya msasa! Ningekutukana, eeh, ningekutukana na ukoo wako, nisingeongea nawe mpaka Kwaresima iishe. Halafu ningetengeneza sakafu nyingine. Kazi ya siku mbili, Nives. Siku mbili!"

Miaka kumi na tisa Ermes hakuwahi kumwita kwa jina lake; siku zote alikuwa shemeji.

Nives alikuwa amejiandaa kwa hasira, na kwa ubishi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Kumbe mtu aliyemficha angeweza kuambiwa. Kumbe miezi saba alimlinda na kitu ambacho siku ile kilikuwa kidogo, akakifuga, akakilisha, mpaka kikawa kikubwa kuliko wao wote.

"Saa nane nakwenda kwa Mkurugenzi," akasema. "Nitasema la gari, na nitasema kwamba niliona nikanyamaza. Prandi wamwite, wasimwite, jina lake lisafishwe. Nilitaka wewe ulisikie kwangu kwanza. Kama utakuja, twende pamoja."

Ermes akainuka. Akavua aproni, akaikunja mara nne, polepole, akaiweka kwenye kona ya meza. Akamwaga maji ya bakuli kwenye sinki na kulifuta. Juu ya aproni akaweka msasa, upande wa karatasi ukitazama juu, nao bado ulikuwa unachuruzika maji. Nives akanyoosha mkono kumshika kiwiko. Yeye akapita kando, kama mtu anavyompisha mgeni kwenye mlango wa kanisa, akafungua mlango, akatoka peke yake.