Kompyuta Yenye Mimba

Hajra alikuwa amejisifu, na mwenye kujisifu hana pa kujificha. Wiki nzima aliwaambia ndugu zake, "Suala la mtandao niachieni mimi," na sasa adhuhuri imeshaswaliwa, ndoa ya dada yake Zuleha ni baada ya alasiri, na mtandao wa nyumba yao ya Mapinga unakuja na kuondoka kama paka wa jirani.

Bila mtandao hakuna ndoa. Baba yao alikwishatangulia mbele ya haki, hivyo walii wa Zuleha, mwenye haki ya kumwozesha, ni baba mdogo, Mikdad, aliyeko Maskati mwaka wa sita huu bila kurudi. Ilibidi atamke mwenyewe kwamba amempa uwakili Sheikh Bwanaheri amwozeshe binti. Na Sheikh hakubali sauti peke yake. Aliwahi kupokea idhini ya walii kwa simu, kumbe msemaji ni rafiki wa bwana harusi, kajifungia chooni nyumba hiyo hiyo. Tangu siku ile anataka sura. Nyumba iko bondeni, laini za simu hapo hazibebi picha, likabaki boksi la intaneti la sebuleni. Na bwana harusi, Feisal, alfajiri ya kesho anaondoka kwenda kazini Mtwara.

Hajra akakaa mkekani na laptopu yake kuukuu. Programu aliyoitaka, ile inayoonyesha mitandao yote iliyoko hewani na nguvu ya kila mmoja, haikupatana na laptopu hiyo. Kwa hiyo alikuwa ametengeneza ndani yake kompyuta nyingine, ya kuigiza, inayopatana nayo. Dirisha likafunguka, na mle dirishani kompyuta nzima ikawaka taratibu. Bibi Mwanaasha, mama yake Mikdad, akainama begani kwake na bakuli la iliki mkononi.

"Hii nini tena, mjukuu wangu?"

"Kompyuta ndani ya kompyuta, bibi."

"Basi ina mimba," alisema Bibi, akaenda kuwatangazia wanawake wa jikoni.

Mtoto wa tumboni akawa kipofu. Hakuona mtandao hata mmoja wa dawa. Hajra alihangaika nusu saa, jasho linamtiririka, huku jikoni wanamuuliza kama uchungu umeanza. Ndipo alipokumbuka: antena ndogo ya kunasa mitandao, aliyoichomeka ubavuni mwa laptopu, imeshikwa na kompyuta mama, na ya ndani haiwezi kuigusa mpaka mama aikabidhi. Akacheka peke yake. Siku nzima anahangaikia idhini ya walii, kumbe antena nayo inataka idhini.

Akabonyeza, ikakabidhiwa, na mitandao kumi na saba ikamwagika kwenye kioo. Ilikuwa ya majirani wapya, watu wa mjini walionunua viwanja: Usinisumbue, Nunua Wako, Mama Sophia Ghorofani. Hao ndio aliowashuku tangu asubuhi kwamba mawimbi yao yanauvuruga mtandao wa kwao. Mtandao wa nyumba yao wenyewe ulikuwa wa mwisho kabisa, dhaifu kuliko wa Mama Sophia aliye ng'ambo ya barabara.

Akainuka na laptopu mikononi, akatembea huku macho yake yakiwa kwenye mstari wa nguvu. Rafu ya boksi ilikuwa imefunikwa kanga. Akaifunua. Masinia arobaini ya bati ya kupakulia pilau, yaliyoazimwa mtaa mzima, kila moja na jina la mwenyewe kwa rangi kitakoni, yalikuwa yamesimamishwa kulizunguka boksi, nalo limekaa katikati kama mwali ndani.

"Bibi, nani kayaweka hapa?"

"Mimi. Harusi ya Ashatu yalipotea mawili, maneno yake hayajaisha mpaka leo. Hapa halitoki hata moja nisilione."

"Na mawimbi nayo hayatoki, bibi."

Bibi akafikiri. "Hayo mawimbi ndiyo yanayomleta Mikdad?"

"Ndiyo hayo."

"Yatoeni masinia."

Wanawake wakajipanga mstari mpaka uani, wakapokezana masinia kwa nyimbo, na kila yalipotoka matano Hajra alitangaza nguvu ilipofika, nao wakapiga vigelegele. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Baada ya alasiri Mikdad akatokea kwenye simu, wazi kabisa, kila unywele unaonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeota mvi." Miaka sita alikuwa akiona vipande tu vya uso huo.

Mikdad akatamka maneno yake, Sheikh akaridhika, Zuleha akaozwa. Pilau ikapakuliwa, na wabebaji wakafika mlangoni na masinia. Wakamkuta Bibi Mwanaasha amekaa kizingitini, miguu kainyoosha, simu mkononi.

"Haliingii sinia humu," alisema. "Mwanangu hajamaliza kuzungumza."

Basi wageni wakala uani kwenye jua, na Sheikh Bwanaheri ndiye aliyetangulia kunawa. Hajra akabaki ndani na laptopu yake mapajani, anautazama mstari usishuke.