Kokwa za Zeituni

Kokwa tatu za kwanza Bi Siwema aliziweka kwa mpigo, maana siku mbili za eda yake zilikuwa zimeshapita kule Kigamboni kabla mwanawe hajamleta Kariakoo. Alizisuuza, akazikausha kwa pindo la nguo yake nyeupe, akazidondosha ndani ya chupa tupu ya kioo na kuisukuma nyuma ya kopo la chumvi. Kuanzia hapo, kila alfajiri akishasali, aliongeza moja. Hakumwambia mtu. Mumewe, mzee Kitwana, alifariki jioni ile mwezi wa mfunguo pili, wa pili baada ya Ramadhani, ulipoandama, na mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi. Chupa moja kwa kila mwezi, na ya tano kwa zile siku kumi. Chupa na zeituni vilikuwa vya biashara ya mkwewe, Badria, lakini kokwa hazikuwa na mwenyewe. Zilikuwa za kutupwa.

Bi Siwema alitaka kukaa eda nyumbani kwa marehemu, kama inavyotakiwa. Ila bati la chumba cha mbele lilikuwa limeng'oka, na Abdulrazak, mwanawe wa pekee, alisema mama hawezi kulala peke yake kwenye nyumba iliyo wazi juu. Wakamuuliza shehe, naye akajibu kwamba palipo na hofu pana ruhusa. Basi akavushwa kwa pantoni pale Magogoni na begi moja. Ufunguo wa nyumba akamkabidhi mwanawe apate kumwingiza fundi. Simu yake nayo ilichukuliwa siku ileile, ati mtu wa eda atulie, asisumbuliwe na wapiga soga.

Nyumba ya Abdulrazak ilikuwa ghorofa ya tano, nyuma ya Msimbazi. Mlangoni palikuwa na geti la nondo lenye kufuli, na funguo zilikaa kwenye mkoba wa Badria, kwa sababu ya wezi. Kwa nyuma kulikuwa na roshani ya kuanikia nguo, pana kiasi cha kutosha jiko la mkaa na kigoda. Ukisimama pale unaona mapaa na matangi ya maji, na kwa chini kabisa kipande cha barabara ambapo mabasi ya mwendokasi yalipita kuelekea Gerezani. Abdulrazak alikuwa na duka la vipuri huko Gerezani. Alitoka asubuhi, akarudi magharibi.

Badria alikuwa akipika saladi za Kigiriki alizoziona kwenye simu, akizipeleka kwenye ofisi za Posta. Bi Siwema aliziangalia siku nne bila kusema neno. Kabichi. Mayonezi. Jibini limevurugwa kama makapi. Siku ya tano uzalendo ukamshinda. Mzee Kitwana alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja pale Upanga kwa miaka ishirini na sita, na Jumapili zake za mapumziko alimpikia mkewe vyakula vya kule, akimweleza kila kitu kwa upole kana kwamba anamsomesha chuoni. Kwa hiyo Bi Siwema akaomba kisu.

Alikata nyanya vipande vikubwa, tango nusu limemenywa nusu lina ganda, hoho, kitunguu maji chembamba. Zeituni juu, jibini pande zima halikatwi, majani makavu yamesuguliwa kwa viganja, mafuta ya zeituni mwisho kabisa. Kabichi hakuna. Kesho yake akautia mtindi ndani ya kitambaa, akautundika kwenye msumari wa roshani mpaka maji yote yakadondoka. Akakuna tango, akalitia chumvi, akaliacha litoke jasho, kisha akalikamua kwa mikono miwili mpaka vidole vikauma, akachanganya na mtindi ule, kitunguu saumu kilichotwangwa na ndimu. Mzee Kitwana aliiita zaziki. Halafu biringanya: zikalazwa juu ya makaa mpaka ngozi ikaungua na kupasuka, nyama ya ndani ikakwanguliwa kwa kijiko, ikapondwa kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu na mafuta.

Badria alichovya mkate, akafumba macho. "Mama, kumbe ulikuwa umetuficha."

Tangu siku hiyo Bi Siwema hakuketi. Wateja wakawa wengi, wa Posta wakaleta wa Masaki. Asubuhi kukamua, mchana makaa, jioni kutoa kokwa, maana mteja mmoja alilalamika jino. Badria alimpiga picha mikono yake na kuituma kwa wateja, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuligusa tango. Akiambiwa njoo uone, alisema kucha zake ndefu, au kuna mteja kwenye simu. Bi Siwema alizoea kuchagua biringanya zake sokoni kwa kuzipima mkononi, nyepesi ndiyo yenye mbegu chache. Sasa aliletewa mfuko, nzito na nyepesi pamoja, na alipoomba ashuke mara moja tu, hatua mia mbili, mchana kweupe, na mtu wa kumsindikiza, mwanawe alimwambia, "Mama, wewe ni mtu wa eda." Alilisema kwa adabu, macho yapo sakafuni.

Alilijua hilo kuliko yeye. Alijua pia kwamba mjane mwenye haja hutoka mchana. Akarudi kwenye kigoda.

Mtu wa nje aliyezungumza naye alikuwa Stella, jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Songea mwenye duka la vitenge. Alikuwa Mkristo, hakukosa misa. Akirudi na kulikuta geti limefungwa husimama nje, Bi Siwema husimama ndani, wanaongea katikati ya nondo. Stella humtania kwamba ameolewa na biringanya. Bi Siwema humpa zaziki kidogo kwenye kisosi kupitia nafasi ya chini ya geti.

Chupa ya kwanza ilijaa kokwa ishirini na tisa, ya pili thelathini. Ya tatu na ya nne zikafuata. Mwezi wa mfunguo sita ulipoandama akafungua ya tano, akawa kama mwanafunzi anayesubiri kengele. Siku ya saba usiku alilala akijua zimebaki tatu.

Alfajiri ya siku ya nane alikuta chupa zote tano ubaoni, zimeoshwa, zimepinduliwa zikauke.

Badria alikuwa na oda ya Jumamosi, pati ya watu sitini, na chupa zilipungua. Uchafu ule alikuwa ameshautupa, na taka zilikwisha shuka na mzoaji wa usiku. Bi Siwema aliuliza uchafu gani, akajibiwa zile mbegu, mama, sijui ulikuwa unazifanyia nini. Akapiga magoti mbele ya ndoo ya taka, akaikuta tupu, ina harufu ya sabuni.

Jioni alimwambia mwanawe kwamba eda imebaki siku mbili. Abdulrazak akaitazama kalenda ukutani, akahesabu kwa kidole, miezi minne, kisha siku kumi. Akasema inaisha Jumatatu ya wiki ijayo. Bi Siwema akamweleza kuwa eda huhesabiwa kwa mwezi unaoandama, wala si kwa huo wa ukutani, na kwamba alikuwa na hesabu yake ndani ya chupa.

"Chupa zipi?" akauliza.

Hakuwa na chupa za kumwonyesha. Badria akasema kwa sauti ya huruma kwamba mama amechoka, msiba mzito, mtu husahau siku. Na Bi Siwema, aliyekuwa na uhakika alfajiri, alipolala alianza kujiuliza. Labda siku moja aliweka kokwa mbili. Labda mwezi ulioandama ulikuwa wa tano, si wa sita. Usingizi ulimpaa. Alisoma aya alizozijua, akazirudia, na hesabu haikurudi.

Kesho yake, Jumanne, alimsikia Stella akipanda ngazi, akaenda getini upesi. Stella alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasita. Akasema kuna jambo, hajui kama ni lake kulisema. Shoga yake mmoja alitafuta nyumba ya kupanga Kigamboni, naye kapata: vyumba viwili, bati jipya, mwenye nyumba ana duka la vipuri Gerezani. Anahamia Jumamosi. Shoga huyo alimweleza Stella hata mlango ulivyo, wa kijani, karibu na kisima.

Bi Siwema alishika nondo. Mlango ule wa kijani aliupaka rangi mzee Kitwana mwenyewe, mwaka wa mwisho ambao mkono wake haukutetemeka.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Hebu niambie kitu kingine. Wiki hii dukani mnafungua siku zote?"

Stella alishangaa swali lile. Akasema wanafungua mpaka Alhamisi. Ijumaa ni sikukuu, Maulidi, hakuna duka.

Maulidi ni tarehe kumi na mbili ya mfunguo sita. Bi Siwema aliviangalia vidole vyake vyenye harufu ya kitunguu saumu, akarudi nyuma. Ijumaa kumi na mbili, Alhamisi kumi na moja, Jumatano kumi. Kokwa zake hazikukosea hata moja. Mji mzima ulikuwa unahesabu pamoja naye, na aliyemletea hesabu alikuwa mtu wa misa. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akamshukuru Stella kwa mdomo, na kisosi kikapita chini ya geti.

Hakusema lolote ndani. Jumatano alifanya kazi kama kawaida, hata zaidi. Alichoma biringanya zote za Jumamosi, akazitia mafuta zisibadilike rangi. Alitundika mtindi, vitambaa vitatu kwa safu. Badria akafurahi, akasema hivyo ndivyo, mama. Adhana ya magharibi ilipoanza kutoka msikitini, Bi Siwema alikuwa amesimama roshani akitazama chini. Siku ya kumi iliondoka mbele ya macho yake.

Alhamisi alfajiri alikoga, josho la kumaliza eda, maji mengi kuanzia kichwani. Akavaa gauni la maua alilokuja nalo chini kabisa ya begi, akajifunga buibui, akasali. Abdulrazak alipotoka chumbani akijiandaa kwenda dukani, alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti karibu na geti, begi mapajani.

Alianza kusema habari za Jumatatu. Mama akamwacha amalize. Kisha akamwambia kesho ni Maulidi, aende akamuulize shehe, au mtu yeyote pale mtaani, jana ilikuwa siku ya ngapi. Badria naye akatoka na simu mkononi, akaona pindo la lile gauni la maua chini ya buibui, akasema ya Jumamosi je, watu sitini, mama usituangushe. Angalau avumilie siku mbili.

"Jumamosi nani anaingia nyumba ya baba yako, Razaki?"

Abdulrazak alisema, taratibu, kwamba nyumba tupu huharibika. Kwamba yeye alihesabu kwa kalenda, haki ya Mungu, hakukusudia. Kwamba hapa mama ana watu, kule ana nani. Bi Siwema alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta kama yale ya kalenda ni kweli, asijue, na akaona si lazima ajue leo.

Badala yake alimgeukia Badria. Akamwambia akate kucha leo. Mtindi ushushwe saa sita, si kabla. Tango likunwe, litiwe chumvi, likae nusu saa, kisha likamuliwe mpaka mikono iume, isipouma bado lina maji. Kitunguu saumu kitwangwe na chumvi, kisichemshwe kamwe. Biringanya ziko tayari, zitiwe ndimu tu. Jibini lisivurugwe. Alisema yote kwa sauti ileile ya mzee Kitwana, bila kuruka neno, na Badria kwa mara ya kwanza aliweka simu chini akasikiliza.

"Hiyo ndiyo kazi yote," akasema. "Sasa haina haja na mimi. Fungua."

Badria alimtazama mumewe. Mumewe akatikisa kichwa kukubali. Kufuli likalia.

Bi Siwema hakusimama. Alinyoosha kiganja. "Na wa Kigamboni."

Abdulrazak alihangaika na funguo zake, ule mmoja haukutaka kutoka kwenye pete. Alipouweka kwenye kiganja cha mama yake, hakuinua macho. Akasema atamsindikiza mpaka pantoni. Mama akamwambia amtangulie na begi, ngazi ni nyingi.

Jumamosi asubuhi bajaji ilisimama karibu na kisima, ina godoro juu na mwanamke ndani. Alimkuta bibi mmoja barazani, gauni la maua, anakuna tango kwenye bakuli. Alisalimu, akauliza kwa wasiwasi kama hapa ndipo kwa Abdulrazak.

"Ni kwa mamake," akasema Bi Siwema. "Alikuwa eda, imekwisha. Huyo mwanangu atakurudishia kila kilicho chako, nitasimama mwenyewe. Shuka kwanza, jua kali, ule."

Nyuma yake mlango wa kijani ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe usijifunge. Ulikuwa wazi tangu Alhamisi, na bado kila ulipogonga jiwe kwa upepo aligeuka kuutazama.