Ng'ombe wa Msiba

Mwalimu Muksini alikuja kijijini kwetu Talatala na viatu vya kung'aa kutufundisha mambo ya fedha. Ni mtoto wa mwenye duka wa Bondeni, mjini Kyela, na mradi fulani ulikuwa umemwajiri afundishe wanafunzi pamoja na wazazi wao kila Jumamosi. Tulibanana kwenye madawati ya watoto wetu, watu wazima na mvi zetu, tukiitwa ubaoni kama darasa la pili.

Mimi nilimpenda, sisemi uongo. Binti yangu Atupele alikuwa anamaliza kidato cha nne na anataka uuguzi, na ada yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja zizini. Kwa hiyo nilimsikiliza Muksini kwa masikio yote mawili.

Siku moja akaandika matumizi yetu ubaoni, akauliza yapi tuyafute. Tukafuta bia, tukafuta vitenge vya sare. Kisha akagonga chaki penye ng'ombe wa msiba. "Na huyu anawaletea nini?" Huku kwetu ndugu akifiwa unakwenda na ng'ombe, na hakuna anayeuliza analeta nini. Nikainuka mimi, Naomi, nikamfuta kwa kiganja. Muksini akanipigia makofi, nikarudi kwenye dawati nimevimba kichwa.

Haukupita muda, mke wa Andongwisye akafariki kule Makwale. Andongwisye ni kaka mkubwa wa mume wangu, Dickson. Nilimkuta Dickson ameshashika kamba, nikasimama mlangoni pa zizi.

"Huyo ni chuo cha Atupele."

"Naomi, aliyekufa ni shemeji yangu."

"Atazikwa tu, hata bila ng'ombe wetu."

Tukaenda na gunia la mchele. Andongwisye akalipokea kwa mikono miwili. "Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa, akageukia wageni wengine. Siku nzima Dickson alijificha nyuma ya nyumba, akashindwa kukaa na wanaume wenzake. Nilipomwona nilimwonea hasira wala si huruma.

Masika yalipoingia Dickson akaugua mapafu, akafa. Sasa njoo uone. Andongwisye aliingia uani akiswaga dume lililonona, akalifunga kwenye mchungwa mbele ya macho yangu. "Huyu ni wa mdogo wangu, shemeji. Mimi sikusoma." Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele wakaacha, wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akatafutwa Mwislamu wa kuchinja, ili na wageni wa mjini wale. Kisu akapewa nani? Mwalimu Muksini. Akachinja, akala, akajipangusa mdomo, akaja kunipa pole. "Mama Atupele, ile ada bado ipo?"

"Ipo," nikamjibu. Ningekuwa na nguvu ningemzaba kibao.

Matanga yalipoisha, Atupele alimfungua ng'ombe wetu bila kuniaga, akampeleka Makwale. Jioni akarudi naye.

"Baba mkubwa amekataa, Mama. Anasema msiba wa mke wake ulishapita. Anasema tumpelekee mwalimu wetu."

Akaketi kizingitini akalia, akasema chuo hakitaki tena. Kesho yake nilimuuza ng'ombe mwenyewe, nikalipa ada, nikamsukuma binti ndani ya basi na sanduku lake. Yuko chuoni sasa. Nikimpigia simu anaitika kwa heshima, kisha anakata mapema. Mradi nao umekwisha, na Muksini amerudi dukani kwa baba yake. Huyo hakupoteza kitu.

Juzi jirani yangu Maria kafiwa na mama yake. Niliuza kakao yangu yote iliyokauka, nikanunua mbuzi, nikajifunga khanga kiunoni tayari kwa kazi. Wafiwa wakampokea mbuzi vizuri. Uani wanawake walikuwa wamezunguka masinia wakimenya ndizi, wanalia kidogo, wanapiga umbea kidogo, kama tulivyofanya pamoja miaka yote. Nikanyoosha mkono kuomba kisu.

Mwenzangu Kisa, tuliyeolewa naye mwaka mmoja kijijini hapa, akainuka haraka. Akavuta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa khanga yake.

"Kaa hapa, Mama Atupele. Usijichoshe."

Akaniletea na soda. Nikakaa. Nimemzika mume na sikuumia kama pale. Nikanywa soda ya wageni katika kijiji changu mwenyewe, na wenzangu wakaendelea kumenya.