Wapenzi wa Ukimya wa Swichi

Mwanamke alileta friji mpya kabisa, bado ina nailoni mlangoni, akamwomba fundi Swichi aizime.

"Ina ugonjwa gani?" aliuliza Swichi, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Haina ugonjwa, kaka. Naomba tu uizime. Taratibu, kama siku ile."

Swichi alifuta mikono kwa kitambaa, akaichomeka friji ukutani, akaiacha ingurume kidogo, kisha akaishika plagi na kuichomoa. Friji ikatikisika, ikanyamaza. Mwanamke alifumba macho. Midomo ilimcheza, chozi likamshuka, akalifuta kwa kiganja. Akalipa ada ya matengenezo bila kuomba apunguziwe, akasukumiwa friji yake hadi barabarani akiwa ameridhika moyo wote.

Ukiyaona mambo haya kwa mara ya kwanza utasema watu wamerogwa. Hawakurogwa. Walikuwa mashabiki tu, na mtu akishakuwa shabiki hana dawa.

Zamani, kabla tumbo halijaanza kumtangulia, Swichi alikuwa mmoja wa Volti Nne, bendi ya vijana wanne waliovaa makoti ya kung'aa na kupiga muziki wa mitambo mitupu: vinanda vya umeme, mashine za midundo, na visanduku vyenye vitufe ambavyo hata wenyewe hawakuwa na hakika vyote vinafanya kazi gani. Gitaa hakuna, mwimbaji hakuna. Swichi alisimama pembeni, na kazi yake ilikuwa kuwasha na kuzima sauti kila alipokonyezwa. Basi katika onyesho lao kubwa kuliko yote, uwanja umefurika, muziki umepanda hadi kileleni, alirudi nyuma hatua moja ili ampishe mwenzake. Mguu ukanasa kwenye waya mkubwa. Plagi ikachomoka, na kila kitu kikafa. Ikabaki taa moja ya dharura, na chini ya taa hiyo amesimama Swichi, kidole kimoja juu. Alikuwa amekiinua ili aombe radhi. Uwanja mzima ukanyamaza pamoja naye, ukangoja, halafu ukalipuka kwa shangwe ambayo Volti Nne hawakuwahi kuisikia.

Wenzake walimfukuza kabla hata hajavua koti. Lakini mashabiki waliambiana kwamba amejiondoa mwenyewe, kwamba baada ya ukimya ule hapakuwa na kitu kingine cha kupiga, na msanii wa kweli hujua pa kuishia. Swichi aliwaeleza habari ya waya. Wakacheka kwa upendo, wakasema, "Mnauona unyenyekevu wake?" Akawaeleza tena. Wakaanzisha chama.

Chama kilikuwa na fulana zilizoandikwa kifuani "Kimya kingi kina mshindo mkuu". Kilikuwa pia na rekodi. Waliokuwepo uwanjani na vinasa sauti walikuwa wameunasa ule ukimya, na wanachama walibadilishana nakala na kuzisikiliza sebuleni wameinamisha vichwa. Wengine walishikilia kwamba nakala zao ndizo halisi, na kwamba ukimya unaouzwa mitaani ni wa kughushi, umerekodiwa na mtu chumbani kwake. Wanachama wawili waliokuwa marafiki wa kufa na kuzikana waliacha kusalimiana kwa ajili ya ugomvi huo, na kila mmoja alidai kwamba kutosalimia kwake ndiko kunakofuata mtindo wa Swichi.

Mwenyekiti wa chama alikuwa daktari wa meno. Kliniki yake ilikuwa na spika mbili kubwa zilizotoa ule ukimya kutwa nzima. Wagonjwa walidhani spika ni mbovu. Yeye alichimba meno huku machozi yakimlengalenga.

Sasa, jambo ambalo hakuna mwanachama aliyelijua ni hili: Swichi alikuwa ametunga wimbo. Kinanda chake cha zamani alikiweka nyuma ya cherehani ya mkewe, na kila alasiri, baada ya kufunga karakana yake ya majokofu, aliziba masikio yake kwa spika zile ndogo za kuvaa kichwani, akaunga sauti na sauti, akabomoa, akaunga tena. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka. Wimbo ulikuwa umekamilika, naye alikuwa amechoka kupigiwa makofi kwa kitu ambacho hakukifanya. Alitaka jambo moja tu kabla hajazeeka: watu wausikilize wimbo wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakiupenda, haya. Wakiuchukia, haya pia. Ila wausikilize.

Mbona hakumpigia mkewe wimbo huo? Alimwogopa, basi. Mkewe alishona mapazia, mtaa mzima ukimwita Mama Mapazia, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alishawahi kumwambia bibi harusi mtarajiwa, mbele ya wakwe, kwamba kitambaa alichochagua kinafaa kufunikia viazi. Na muziki wa Volti Nne alishautolea hukumu tangu siku za uchumba: "Mlio wa friji inayokata roho."

Siku moja daktari wa meno alikuja karakana, fulana ya chama chini ya koti jeupe.

"Kaka Swichi, safari hii tunataka wewe mwenyewe uje ukumbini kwenye maadhimisho ya ule ukimya. Hutafanya kitu. Utasimama tu."

"Nitakuja," alisema Swichi. "Na nitapiga wimbo mpya."

Daktari alishika kifua. "Mpya! Mungu wangu. Una ukimya wa urefu gani?"

"Hauna ukimya. Una sauti."

"Sauti kidogo, lakini."

"Sauti mwanzo mpaka mwisho, daktari."

Daktari alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya jokofu lililolazwa chali. Alimtazama Swichi kwa huruma, kama anavyomtazama mgonjwa ambaye jino lake haliokoleki. "Ndugu yangu," alisema kwa upole, "nyumbani kuna matatizo?"

Kesho yake akaenda kwa Mama Mapazia pamoja na Katibu wa chama, mwanamke mrefu ambaye kazi yake ilikuwa kupima watu macho na kuwauzia miwani. Walimkuta amekaa katikati ya kitambaa cha kijani kilichomeza chumba kizima, ana pini mdomoni. Swichi alikuwa jikoni. Alibana pumzi, akasikiliza.

"Shemeji, tumekuja kwa heshima," alianza daktari. "Mumeo anataka kujiharibia jina. Tunakuomba umkataze asipige."

Mama Mapazia alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Nyie si ndio mashabiki wa muziki wake?"

"Ndio sisi, shemeji," alisema Katibu, mkono kifuani. "Kufa na kupona."

"Na mnataka asipige muziki."

"Hapo hapo! Unatuelewa."

"Siwaelewi hata chembe. Mimi muziki wake siupendi, na sababu ninazo. Nyie mnaupenda, na hamtaki kuusikia. Sasa hapa mwenye kichaa ni nani?"

"Ni mapenzi, shemeji," alisema Katibu, akaanza kulia.

"Mapenzi gani ya kumziba mtu mdomo? Tokeni. Na mnakanyaga pazia la watu."

Walipotoka aliinua sauti kuelekea jikoni: "Wewe uliyejificha huko! Utapiga. Na mimi nitakuja nikae mstari wa mbele."

Swichi alikaa juu ya ndoo. Ukumbi haukumtisha. Mstari wa mbele ndio uliomtoa jasho.

Siku ya maadhimisho, mchana, watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Viatu vyenye kulia viliachwa mlangoni. Feni zilizimwa zisije zikaharibu ukimya, na wanachama wakakaa kwenye joto lile wakitiririka jasho kwa nidhamu kubwa. Mwenye kikohozi alipelekwa uani. Kwenye mstari wa mbele, Mama Mapazia alijipepea kwa kipande cha kitambaa, na kila alipojipepea watu waligeuka kumkazia macho, naye akawakazia zaidi.

Swichi aliingia amevaa lile koti lake la kung'aa, lisilofungika tena tumboni. Hakuna aliyepiga makofi. Walimpokea kwa kunyamaza, na walinyamaza kwa nguvu zao zote. Akachomeka kinanda ukutani, akakaa, akapiga.

Sauti ya kwanza ilipotoka, mtu alipiga ukelele. Wengine waliziba masikio kwa vidole, lakini kwa adabu, huku wakimtabasamia ili asijisikie vibaya. Katibu alifunika uso. Mzee mmoja alisema kwa uchungu, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," na jirani yake akamnyamazisha kwa mazoea tu. Swichi aliendelea. Vidole vilikosea mwanzoni, kisha vikapata njia, wimbo ukaanza kupanda taratibu vile alivyoupanga, akajisahau.

Ndipo daktari wa meno alipoinuka. Alitembea kwa vidole vya miguu mpaka ukutani, akapiga magoti, akamtazama Swichi kwa macho yaliyojaa machozi. "Nisamehe, kaka," alinong'ona. "Nafanya kwa ajili yako." Akachomoa plagi.

Kimya.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi mara moja. Watu wakasimama. Wengine walikumbatiana, na wale marafiki wawili waliogombana wakashikana mikono. "Ndiye!" alisema mtu kwa sauti iliyokatika. "Ndiye mwenyewe, amerudi!" Swichi alitazama kinanda kilichokufa chini ya mikono yake, na hapo ndipo alipotambua kwamba kidole chake kimoja kilikuwa juu, kilikuwa njiani kwenda kwenye sauti iliyofuata.

Alielewa kila kitu. Angekiacha kidole palepale, asiseme neno, angependwa hadi siku ya kuzikwa kwake, na hata huko makaburini wangekuja kumsikiliza. Na tusidanganyane, alitamani. Kupendwa ni kutamu, hata kama anayependwa si wewe. Alitazama nyuso zile zilizolowa jasho na machozi, zote zinamwomba, na mkono ulianza kumuuma.

Akakishusha kidole. Akafungua mdomo. "Tii-tuu," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Tii-tuu, tii-tuu. Dum. Tii-tuu, tii-tuu. Dum-dum." Wimbo ulikuwa umekatwa ulipokuwa ukipanda, akauokota hapohapo kwa mdomo wake, midundo akiipiga kwa kiganja pajani, na ile sauti nene ya chini akiivuta kutoka tumboni mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alionekana kichekesho, mtu mzima, kipara, koti la kung'aa, analia kama king'ora. Alijua hivyo na hakuacha.

"Huyu siye," alisema mtu. "Swichi wetu wamemfanya nini?" aliuliza mwingine. Mstari wa nyuma ukaanza kuondoka, ukafuata wa kati. Walitoka kwa kunyata, maana ndivyo walivyozoea, wakachukua viatu vyao mlangoni bila kugombana. Marafiki wawili waliachiana mikono. Katibu alisimama mlangoni muda mrefu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Daktari wa meno ndiye aliyebaki mwisho, bado amepiga magoti, plagi mkononi. "Kaka, inatosha," alimsihi. "Inatosha, utaumia." Swichi akapandisha sauti. Daktari aliiweka plagi sakafuni taratibu sana, akatoka akishikilia ukuta.

Swichi alifika mwisho. Alikaa akihema, midomo imekufa ganzi. Ukumbi ulikuwa viti vitupu, na mlinzi mmoja aliyekuwa akingoja kufunga milango, usingizi umemchukua na funguo mapajani. Na mstari wa mbele, mikono kifuani, Mama Mapazia.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hukuruka mahali?"

"Sikuruka."

Mama Mapazia alitafakari. Uso wake haukuwa na tabasamu wala huruma, ulikuwa ule uso wa kutazama pazia likishatundikwa. "Mwanzo mzuri," alisema hatimaye. "Mwisho nao sina neno. Ila katikati umerefusha mno."

Swichi alimkodolea macho. Walikuwa wamemwita gwiji. Walikuwa wamemwita nabii, na mmoja alimpa mwanawe jina lake. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu alichokifanya kina katikati. Akashuka kwenye kiti, akakaa ukingoni mwa jukwaa, miguu ikining'inia.

"Wapi?" aliuliza. "Katikati wapi hasa?"

Mama Mapazia alimtupia jicho mlinzi, akahakikisha bado amelala. Akasafisha koo. "Tii-tuu," alianza, akakosea, akarudi nyuma. "Tii-tuu, tii-tuu, dum... Hapo. Hapo umezunguka tena wakati ulishafika. Mtu anachoka."

"Hebu rudia," alisema Swichi, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Nisikie."