Karanga za Kipaza

"Karanga! Mtu mzima na akili zako unampa mume wangu karanga dirishani, kama unalisha kasuku?" Mshonaji alifoka akiwa mlangoni pake.

"Kwani karanga ndiyo sumu, mwenzangu?" Jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza kwa sauti yake isiyohitaji spika, alishika kiuno. "Shemeji kaniomba mwenyewe. Nimnyime?"

"Amepaliwa! Amekohoa mpaka macho yamemtoka!"

"Ningejuaje? Si wewe uliyesema tumbo linamsumbua, ndiyo maana hali na watu?"

Maneno hayo ya tumbo yalikuwa ya Mshonaji mwenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kutetemeka kwa mumewe watu walishakuzoea. Ugonjwa wa Parkinson haufichiki mkononi. Lakini ulipofika kooni, tonge likawa linazunguka tu mdomoni na mate yanamchuruzika mbele ya wageni, yeye mkewe akaona haya. Akazusha habari ya tumbo, akafunga mlango. Nyumba isiyokosa wadoezi ikabaki na mlio wa cherehani. Mtaalamu wa hospitali alikuwa amemweleza vizuri: chakula laini, kijiko kidogo, mzee akae wima, ainamishe kidevu, ameze kwanza ndipo aongezwe. Kumficha hakukuwamo. Hilo alilitunga mwenyewe, na leo mtu mwenye njaa ya kukaa na watu kaomba karanga kwa jirani.

"Si tumbo," alisema Mshonaji. "Ni koo. Kumeza kunamshinda. Nilikudanganya kwa sababu nilimwonea aibu mume wangu. Nusura aibu yangu imuue."

"Pole, mwenzangu," Kipaza alinong'ona. Tangu wajuane, alikuwa hajawahi kunong'ona.

Ndani, kijiko kikagonga meza. "Mwite," sauti ya mzee ilitoka ndogo, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. "Nimechoka... kula na cherehani."

Mshonaji akacheka, machozi yakamwahi. Akayafuta kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa begani.

"Umemsikia shemeji yako. Ila kijiko kikiwa mdomoni mwake, hakuna umbea. Ukimchekesha, atapaliwa tena."

"Mimi? Ninyamaze mezani?"

"Mpaka ameze. Akishameza, mwaga yote."

Kipaza akakung'uta maganda ya karanga kwenye nguo yake, akaziba mdomo kwa kiganja, akasubiri mlangoni kama mtoto aliyekosa.

"Ingia basi," alisema Mshonaji, akimsogezea kiti. "Viazi nimeshaviponda, na vinatutosha sote."